Maswali ya Wasomaji: Kwa Pikipiki Hadi Majumba ya Kale ya Bonde la Hudson

Barua nyingi za msimu huu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko New York na New Jersey. Wanataka kupanda Bonde la Mto Hudson kwa pikipiki, waone majumba ya matajiri wa zamani na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Tumechagua zile zenye maswali yanayojirudia. Umbali tumeutaja kwa maili kwa sababu ndivyo vibao vya huko vinavyosoma. Maili moja ni kilomita 1.6.

Swali: *Mhariri, habari za kazi. Nina pikipiki ya cc 650. Nataka kwenda Hyde Park kuona nyumba ya Rais Franklin D. Roosevelt na jumba la Vanderbilt, nirudi jioni. Simu inanipitisha barabara kuu mwanzo hadi mwisho. Hakuna njia nzuri zaidi? – Msomaji, Jersey City*

Jibu: Ipo, ndugu yetu. Panda kwa ukingo wa magharibi, vuka daraja, kisha shuka kwa ukingo wa mashariki. Wengi hufanya kinyume chake kwa sababu majumba yako mashariki nao wana hamu ya kuyafikia.

Marekani wanaendesha upande wa kulia. Ukienda kaskazini kwa magharibi, mto uko kuliani kwako, na ukirudi kusini kwa mashariki bado uko kuliani. Majumba karibu yote yamejengwa kati ya barabara namba 9 na maji, kwa hiyo ukiwa unashuka, geti moja baada ya jingine unaliingia kwa kukata kulia. Anayepanda kwa mashariki hulazimika kusimama katikati ya barabara akisubiri mwanya wa kukata kushoto, na nyuma yake magari yanakuja kwa maili 45 au 55 kwa saa. Mwenye gari akigongwa hapo anapinda bampa. Mwenye pikipiki hana bampa.

Kutoka Fort Lee, upande wa New Jersey, shika barabara namba 9W. Asubuhi za wikendi kipande cha kuelekea Nyack hujaa waendesha baiskeli. Wapite kwa nafasi ya kutosha, na usiwapite kwenye kona, maana mara nyingi wanakuwa wawili wawili. Baada ya maili 40 hivi utafika Bear Mountain. Kutoka hapo endelea kuelekea Highland Falls na West Point, penye chuo cha kijeshi, halafu uchukue barabara namba 218, ile ya Storm King, iliyokamilika mwaka 1922. Imechongwa ubavuni mwa mlima, nyembamba, na kati yako na mto kuna ukuta mfupi wa mawe tu. Hufungwa kwa theluji, kwa mawe yanayoporomoka na hata kwa sababu za jeshi, kwa hiyo tazama 511NY, huduma ya jimbo ya taarifa za barabara, kabla ya kuondoka. Ukikuta imefungwa, baki kwenye 9W inayopita mgongoni mwa mlima huohuo, na juu kuna sehemu ya kuegesha yenye mandhari ya mto.

Newburgh usiipite hivihivi kama una nusu saa. Pale Liberty Street kuna nyumba ya mawe alimokaa Jenerali George Washington kuanzia Aprili 1782 hadi Agosti 1783. Jimbo la New York liliichukua mwaka 1850, nayo ndiyo nyumba ya kwanza ya kihistoria nchini humo kumilikiwa na umma.

Sasa chagua daraja. Kwa safari ya kwanza, vuka Daraja la Mid-Hudson kutoka Highland kwenda Poughkeepsie. Mzunguko mzima kutoka Fort Lee na kurudi utakuwa kama maili 150. Mwenye uzoefu aendelee na 9W hadi Kingston, avuke Daraja la Kingston–Rhinecliff, kisha ashuke kupitia Rhinebeck na Staatsburg. Hiyo ni kama maili 180. Kwa njia hii ndefu, Vanderbilt inakuja kwanza na nyumba ya Roosevelt maili mbili mbele yake, zote mkono wa kulia. Kwa njia fupi itabidi upande 9 kwenda kaskazini kama maili nane hadi Vanderbilt ndipo ugeuze. Hapo utakata kushoto mara moja tu. Fanya hivyo kwenye taa za barabarani, usifanye kwenye geti.

Kurudi, shuka 9 hadi Wappingers Falls, shika 9D kupitia Beacon na Cold Spring, kisha vuka Daraja la Bear Mountain. Kwenye 9D kuna handaki fupi la Breakneck lililotobolewa katika mwamba. Unaingia kutoka juani, macho yanapofuka kwa sekunde moja, na ndani lami huwa na unyevu. Kama umevaa kioo cheusi, kinyanyue kabla ya kuingia.

Mara nyingi safari hii huharibiwa na saa, barabara haina kosa. Ndani ya nyumba hizi huingii unavyotaka. Unaingia na mwongozaji, kwa zamu, na zamu huchukua kama saa moja. Kwa hiyo kata tiketi kwanza, halafu hesabu kurudi nyuma. Kwenye barabara hizi, ukijumlisha miji, taa na waendesha baiskeli, wastani wako hautazidi maili 35 kwa saa hata kama kibao kinasema 55. Maili 85 hadi Hyde Park kwa njia ya magharibi ni saa mbili na nusu za kuendesha. Ongeza dakika 20 za mafuta na maji, nusu saa ya Newburgh, na dakika 30 za kuegesha, kuvua mavazi na kutembea hadi mlangoni. Tiketi ya saa 7 mchana inakutaka uwe umeondoka Fort Lee saa 3 na dakika 10 asubuhi, nasi tungesema saa 2. Kwa siku moja, ingia nyumba moja, na ya pili itazame kwa nje. Viwanja vya Vanderbilt huwa wazi tangu jua linapochomoza hadi linapozama, bila kiingilio, na ukingoni mwa bustani unaona Hudson na milima ya Catskill kwa mbali. Ndani uingie kwa Roosevelt.

Swali: *Kwa nini Roosevelt na si Vanderbilt? Picha za Vanderbilt ndizo zinazovutia. – Msomaji huyohuyo*

Jibu: Vanderbilt ni jumba la vyumba 54 lililokamilika mwaka 1899, na uzuri wake mkubwa unauona hata ukiwa nje. Frederick Vanderbilt na mkewe walikuwa wakilitumia sehemu ya mwaka tu, hasa vuli na masika. Springwood, nyumba ya Roosevelt, ilikaliwa na familia mwaka baada ya mwaka. Alizaliwa humo tarehe 30 Januari 1882 na amezikwa uani, katika bustani ya mawaridi. Utaona lifti ya mizigo aliyokuwa akijivuta nayo mwenyewe kwa kamba baada ya kupooza miguu. Kwenye maktaba yake, iliyofunguliwa mwaka 1941 kando ya nyumba, kuna gari lake la Ford la 1936 lililofungwa vidhibiti vya mkono ili aweze kuliendesha bila kutumia miguu. Mtu aliyezoea klachi ya mkononi hukaa mbele ya gari lile muda mrefu kuliko watalii wengine.

Swali: *Nilifika kwenye jumba moja, njia ya kuingilia ni kokoto tupu. Nilipogeuza kuegesha pikipiki ikalala upande wa kushoto. Mwendo ulikuwa wa kutembea tu. Nimekosea wapi, na nifanyeje safari nyingine? – Msomaji, Newark*

Jibu: Pole. Ajali nyingi za kwenye majumba haya hutokea hapohapo mlangoni, kwa mwendo huohuo wa kutembea. Chanzo karibu kila mara ni breki ya mbele kushikwa wakati hendeli imekunjwa. Kwenye lami tairi ya mbele inashika. Kwenye kokoto inateleza kuelekea ulikokunja, pikipiki inafuata uzito wake, na mguu wako unatua juu ya mawe yanayobingirika. Msitegemee ABS hapa, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge unapopiga breki. Mifumo mingi huacha kufanya kazi mwendo ukishuka hadi ule wa kutembea.

Punguza mwendo ukiwa bado kwenye lami, kabla gurudumu la mbele halijagusa kokoto. Ingia na gia ya pili, vidole vya mkono wa kulia vikiwa nje ya breki. Mwendo uurekebishe kwa klachi na breki ya nyuma peke yake. Mikono ilegee, kwa sababu hendeli itachezacheza na inatakiwa icheze. Ukiibana, mtikisiko wote unaurudisha kwenye fremu. Tazama mbali unakokwenda, usitazame kokoto zilizo mbele ya tairi. Kugeuza, chukua duara pana. Kama nafasi haitoshi duara pana, simama wima, hendeli ikiwa imenyooka, shuka, uisukume kwa mikono.

Ukifika pa kuegesha, soma mteremko kwanza. Stendi ya pembeni iko kushoto na hukunjuka kuelekea mbele. Pua ikitazama bondeni, pikipiki ikisogea mbele sentimita chache tu stendi inajikunja na mchezo umekwisha. Kwa hiyo pua itazame mlimani na gia ya kwanza iwe imeingia. Ardhi ikiinamia kulia, pikipiki itasimama wima mno na upepo mdogo utaiangusha upande wa pili. Ikiinamia kushoto sana, italala kupita kiasi. Tafuta pahali pengine, hata kama ni mbali na kivuli.

Nunua kisahani cha kuweka chini ya stendi, cha plastiki ngumu, upana wa sentimita nane hadi kumi, kifungwe uzi ili ukivute ukiwa umeshakaa kwenye kiti. Faida yake si kwenye kokoto pekee. Mwezi Julai lami ya maegesho hulainika kwa jua, na stendi ya pikipiki ya kilo 220 huzama polepole wakati wewe uko ndani unaangalia mazulia.

Ikilala tena, zima injini kwanza. Kama imelala upande wa kulia, kunjua stendi kabla ya kuinyanyua, la sivyo utaiinua na kuiangusha ng'ambo ya pili. Ikilala kushoto hutaweza, basi mwite mtu asimame upande wa kulia. Weka gia ya kwanza, kunja hendeli hadi mwisho kuelekea upande ilikolalia, geuza mgongo, egemeza makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike hendeli na mwingine fremu au mshikio wa abiria, kisha sukuma kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupifupi. Mgongo usiinue kitu. Iache isimame dakika kadhaa kabla ya kuwasha, mafuta yarudi mahali pake. Angalia kama petroli inavuja, kama wenzo wa klachi umepinda na kama kanyagio la gia halijaingia ndani. Moshi mweupe kidogo mwanzoni ni oili iliyopotea njia. Ukiendelea zaidi ya dakika mbili, zima.

Swali: *Mume wangu ana pikipiki ya safari na anataka anibebe hadi Olana. Sijawahi kukaa nyuma zaidi ya dakika kumi. Inawezekana? – Dada wa Yonkers*

Jibu: Inawezekana, dada, lakini Olana isiwe safari yenu ya kwanza. Kutoka Yonkers ni zaidi ya maili 100 kwenda peke yake. Anzeni na Bear Mountain na Boscobel, pale Garrison. Boscobel ni nyumba ya mwanzoni mwa karne ya 19 ambayo hapo ilipo siko ilikojengwa. Miaka ya 1950 iliuzwa kwa dola 35 kwa mtu wa kubomoa, wapenzi wa historia wakaiokoa vipande vipande, na ikafunguliwa upya mwaka 1961 maili 15 kaskazini ya pale pa mwanzo. Bustani yake inatazama West Point ng'ambo ya mto. Kwenda na kurudi ni nusu siku.

Mambo ya mumeo: asome kibandiko cha kwenye fremu au kitabu cha pikipiki, ajaze upepo wa tairi ya nyuma kwa kiwango cha watu wawili, asubuhi tairi zikiwa baridi. Kwa pikipiki nyingi za barabarani kiwango hicho ni kama psi 42 (kipimo cha upepo), lakini kibandiko ndicho chenye neno la mwisho. Kisha akaze springi ya shokomzoba ya nyuma. Asipofanya hivyo nyuma inabonyea, taa inamulika matawi ya miti, na mbele inakuwa nyepesi kwenye kona. Umbali wa kufunga breki nao utaongezeka, kwa hiyo nafasi ya sekunde mbili nyuma ya gari aifanye nne.

Mambo yako: usipande mpaka akuambie panda. Awe amekaa, miguu yote miwili chini, breki ya mbele ameishika. Panda kutokea kushoto, mkono begani kwake, mguu kwenye kikanyagio. Kwenye kona tazama juu ya bega lake la upande mnaolalia. Kona ya kulia, bega la kulia. Mwili utafuata wenyewe, wala huna haja ya kujiinamisha. Akifunga breki, sukuma tenki au mshikio, usimgandamize mgongoni. Mkisimama kwenye taa, miguu yako ibaki kwenye vikanyagio. Kubalianeni alama tatu kabla ya kuondoka: nataka kusimama, punguza, kuna tatizo. Simameni kila dakika 45, hata kama hujaomba. Abiria huchoka kimyakimya, na anayechoka huanza kuegemea upande mmoja.

Olana mkiifikia siku moja, jueni kwamba ni moja ya majumba machache yanayovunja ile kanuni yetu ya kukata kulia. Ukishatoka Daraja la Rip Van Winkle na kushuka 9G kusini, iko kama maili moja, mkono wa kushoto. Njia ya kupandia kilima ina kona za kubana, na watembea kwa miguu ni wengi. Mchoraji Frederic Church aliijenga miaka ya 1870 baada ya kuzuru nchi za Mashariki ya Kati, na matao na rangi zake zinaonyesha hivyo. Ni jumba linalotazama magharibi. Mwenye kutaka machweo ya jua pale aigeuze safari yote, apande mashariki na kurudi magharibi, mradi akubali kurudi usiku pamoja na kulungu tunaowaeleza hapa chini.

Swali: *Daraja lipi halilipishwi? – Msomaji, Mount Vernon*

Jibu: Madaraja matano ya mamlaka ya madaraja ya jimbo, yaani Bear Mountain, Newburgh–Beacon, Mid-Hudson, Kingston–Rhinecliff na Rip Van Winkle, hutoza anayekwenda mashariki tu. Anayekwenda magharibi hapigwi ushuru. Mzunguko wowote unavuka mara moja kila upande, kwa hiyo unalipa mara moja, uanzie kokote. Hakuna tena kibanda cha fedha taslimu. Ni E-ZPass, yaani tagi ya kulipia ushuru kielektroniki, au kamera inasoma kibao chako cha namba na bili inakuja kwa posta. Iandikishe namba ya pikipiki kwenye akaunti hata kama una tagi, kwani tagi iliyo ndani ya mfuko wa koti wakati mwingine haisomwi.

Swali: *Helmeti na koti niviweke wapi wakati wa kutembezwa ndani ya nyumba? – Msomaji, Poughkeepsie*

Jibu: Usitegemee kuingia navyo. Ndani kuna njia nyembamba kati ya kamba na fanicha za miaka mia na zaidi, na mizigo mikubwa haitakiwi. Nunua waya wa kufuli wa futi sita. Upitishe kwenye mkono wa koti, kwenye ile pete ya chuma ya mkanda wa helmeti, na kwenye fremu. Usiufunge kwenye mshikio wa plastiki. Mkanda wenyewe usiutegemee, kwa kuwa kisu kinaukata. Helmeti itazame chini ili mvua isijae ndani, na isikae juu ya kioo cha pembeni, maana ncha ya kioo hubonyeza povu la ndani, na povu likishabonyea halirudi. Suruali yenye zipu pembeni ndefu unaivua bila kuvua buti. Na chukua viatu vyepesi. Saa moja ya kusimama kwenye sakafu ya mbao ukiwa na buti za pikipiki, Julai, utamchukia Vanderbilt bure.

Swali: *Nataka kwenda Oktoba majani yakigeuka rangi. Wenzangu wananitisha kuhusu majani na kulungu. Wanazidisha? – Msomaji, Albany*

Jibu: Hawazidishi. Rangi huanza kaskazini na kwenye milima ya Catskill mwanzoni mwa Oktoba, hushuka polepole na kufika sehemu za chini za bonde katikati hadi mwisho wa mwezi. Kwa kuwa unatokea Albany, una bahati ya kuzifuata kuelekea kusini wikendi baada ya wikendi.

Majani makavu hayana neno. Yaliyolowa na kukanyagwa na magari hugeuka utelezi, na huwa yamekusanyika hasa katikati ya njia yako na kwenye ukingo wa ndani wa kona, mahali unapotaka kulala. Chini yake kuna jambo la pili: mistari ya lami nyeusi iliyotumika kuziba nyufa. Siku ya joto hulainika, siku ya mvua huteleza, na ukiwa umelala kwenye kona tairi inaruka kidogo kila inapovuka mmoja. Usiogope mruko huo na usifunge breki. Shikilia gesi palepale ilipo.

Asubuhi ya Oktoba maji ya mto bado yana joto la kiangazi na hewa imeshapoa, ndiyo maana bonde hujaa ukungu hata kama mlimani kuna jua. Kwa kawaida huinuka kufikia saa 3 au saa 4 asubuhi. Usikimbilie kuutangulia. Kioo cha helmeti kitapata ukungu ndani kwa pumzi yako, na dawa yake ni kile kioo cha pili chembamba kinachopachikwa ndani. Sabuni na mate ni kujidanganya. Tairi nazo ni baridi, kwa hiyo maili tano za kwanza usizilaze.

Kulungu ndio jambo zito. Wanatembea zaidi alfajiri na magharibi, na msimu wao wa kupandana huanza Oktoba, hushamiri Novemba. Kwa maili 55 kwa saa unakwenda futi 80 kila sekunde, kama mita 25. Ukichukua sekunde moja na nusu kuona na kushika breki, umeshakula futi 120 kabla pikipiki haijaanza kupungua. Kwenye 9G na barabara ya Taconic jioni, maili 40 zinatosha. Tazama kando za barabara kwa macho yanayong'aa, na taa kubwa iwashe kila hakuna anayekuja. Akivuka mmoja, usiongeze mwendo. Wa pili yuko nyuma yake. Akikusimamia mbele, funga breki zote mbili ukiwa wima na umenyooka. Wengi huumia kwa kumkwepa na kuingia kwenye mti au gari la mbele yao, na kulungu mwenyewe anaondoka mzima.

Swali: *Nimekuja na helmeti yangu nzuri yenye alama ya ECE. Nasikia New York hawaitambui. – Msomaji, Syracuse*

Jibu: Ni kweli. Sheria ya New York inamtaka dereva na abiria wavae helmeti yenye kufikia kiwango cha serikali kuu, FMVSS 218, kinachotambulika kwa kibandiko cha DOT, yaani Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, nyuma. ECE, alama ya kiwango cha Ulaya, peke yake haitoshi, hata kama ni helmeti ya bei mbaya. Dereva lazima pia awe na kinga ya macho, na spika za masikioni ni sikio moja tu. Kupenya katikati ya magari yaliyosimama, mazoea ya wengi wetu, huko ni kosa.

Swali: *Tutakuwa pikipiki nane. Tunapangaje? – Msomaji, Paterson*

Jibu: Gaweni makundi mawili ya nne nne, yaachane dakika tano. Barabara iliyonyooka, mkae kwa kupishana: sekunde moja hadi wa mbele yako wa upande wa pili, sekunde mbili hadi wa mbele yako wa upande wako. Storm King na 9D, mstari mmoja. Mgeni zaidi awe wa pili, asiwe wa mwisho, kwa kuwa wa mwisho ndiye anayelazimika kukimbia kila mara kufidia mwanya. Kila njia panda, anayekata kona amsubiri wa nyuma yake hadi amwone. Mkifanya hivyo hapotei mtu, na hamhitaji redio. Mafuta yajazwe kwa kipimo cha mwenye tenki dogo. Na tiketi nane za nyumba kwa zamu moja zikatwe mapema, kwani zamu zina idadi.

Swali: *Kupe wa huko ni hatari kweli, au ni maneno? – Msomaji, Jersey City*

Jibu: Ni hatari. Bonde la Hudson ni moja ya maeneo yanayosifika kwa ugonjwa wa Lyme, na kupe mwenye miguu myeusi anayeuleta huwa mdogo kuliko mbegu ya ufuta anapokuwa mchanga, kati ya Mei na Julai. Hakai kwenye lami. Anakungoja kwenye nyasi ndefu, pale unapoegesha kando ili upige picha ya mto au unapolala chini ya mti baada ya chakula. Suruali iwe ndani ya buti. Jioni kagua nyuma ya magoti, kinena, kiuno, kwapa na mstari wa nywele. Ukimkuta ameng'ang'ania, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole kwa kunyoosha, usimzungushe, usimpake mafuta wala usimchome moto. Kwa kawaida anahitaji zaidi ya saa 24 akiwa amenasa ndipo akuambukize, kwa hiyo ukaguzi wa usiku uleule una maana. Andika tarehe. Ukiona homa au wekundu unaopanuka kwenye ngozi ndani ya mwezi mmoja, nenda kwa daktari na tarehe hiyo mkononi.